Kabla hujamnunulia mtoto redio ya kadi, uliza inachajiwaje

Wazazi watatu wameniuliza swali moja mwezi huu, kila mmoja kwa maneno yake. Wa kwanza, mama wa Ilala, anataka mwanawe wa miaka tisa asikilize Kurani anayohifadhi bila kushika simu. Wa pili, baba wa Magomeni, amechoka kunyang'anyana simu na binti yake wa kidato cha kwanza anayependa nyimbo za kwaya. Wa tatu hakutoa sababu, aliandika tu kwamba akitoka kazini anapita Kariakoo, kwa hiyo nimpe jina la kifaa kizuri cha muziki cha mtoto. Wote wameuliza sauti ikoje, bei ikoje na chaji inakaa saa ngapi. Hakuna aliyeuliza kifaa chenyewe kinachajiwa na nini.

Mimi nitaanza na hilo waliloliacha. Katika nyumba ninazozijua, kifaa cha muziki cha mtoto hakifi kwa sababu spika ni mbovu. Kinakufa kwa sababu waya wake umepotea na hakuna mwingine unaoingia, au betri imevimba, au tundu la kuchajia limelegea kwa kuchomekewa waya usio wake. Na kikileta madhara, mara nyingi ni wakati kinachajiwa. Jirani yangu aliamka saa nane usiku kwa harufu ya plastiki. Kispika cha mwanawe kilikuwa kinachajiwa chini ya mto, ndani ya chandarua, kwa kichwa cha chaja kilichookotwa kwenye droo. Mto ulitoboka na shuka likaungua kiasi cha kiganja. Mtoto hakuguswa, kwa kuwa joto la Januari lilikuwa limemsukuma hadi ukingo wa pili wa kitanda.

Sisi tuliokulia kwenye redio kaseti hatukuwa na tatizo hili. Tulikuwa na letu: betri ziliisha, na pesa ya nyingine haikuwepo. Zile National zilizotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam tulizianika juani juu ya bati, wengine wakaziuma kwa meno, ili tupate walau taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mwenye mjomba baharia au ndugu Uarabuni ndiye aliyekuwa na Walkman. Sony waliitoa ya kwanza Julai 1, 1979, ikila betri mbili ndogo. Kisha Oktoba 2001 Apple wakaja na iPod, betri ikiwa imefungiwa ndani, na Mei 2022 wakatangaza kwamba hawatengenezi tena. Vifaa vile vya mwanzo vilikwisha betri ukaenda dukani. Vya leo vinakwisha chaji na mtoto anachomeka mwenyewe ukutani, kwenye volti 230, wakati wewe uko jikoni.

Haya, twende Kariakoo. Ukishuka kituo cha mwendokasi na kuingia upande wa Aggrey na Likoma, utakutana kwanza na mawinga. "Karibu mama yangu, unatafuta nini, original kabisa hii." Hawana ubaya, wanatafuta riziki, lakini winga hauzi duka lake na kesho huenda yuko mtaa mwingine. Kwa kitu cha kuchaji, nunua kwenye duka lenye fremu na risiti ya EFD, mahali ambapo unaweza kurudi Jumatatu na kumkuta mtu yule yule. Redio ile ile ndogo nilitajiwa shilingi 35,000 kwenye kona, na hatua chache mbele mwenye duka akakubali 22,000 bila hata kuvutana sana. Kwa hiyo zunguka kwanza.

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni kile ki-MP3 cha kubana kwenye shati, kisicho na kioo, unachokichomekea memori kadi. Mtoto atakipenda kwa rangi. Kigeuze utazame tundu lake. Vingi vina tundu la mini, lile nene lililokuwa kwenye kamera za zamani, ambalo waya wake haufanani na wa simu yoyote iliyopo nyumbani leo. Vingine huchajiwa kupitia tundu lile lile la hedifoni, kwa kiwaya kifupi chenye pini ya hedifoni upande mmoja na USB upande wa pili, mtindo walioiga kutoka iPod shuffle. Kiwaya hicho kikipotea, na kitapotea, umebaki na kibanio cha shati. Betri yenyewe ni ndogo, imegandishwa ndani, na fundi atakuambia waziwazi kwamba kazi ya kuibadilisha ni ghali kuliko kununua kingine. Ukikipenda hata hivyo, tafuta chenye tundu la taipu C au la maikro kama simu za juzi, au nunua nyaya mbili siku ile ile na moja uifiche wewe.

Redio ndogo ya memori kadi ndiyo ninayoipenda, na upendeleo wangu siufichi. Ni ile yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, inayopokea kadi na flashi, ina FM na tundu la hedifoni, na nyingine zina tochi ya kukufaa umeme ukikatika. Sauti yake si ya kujivunia. Besi hamna, na ukiongeza hadi mwisho inakwaruza. Lakini kwa kisomo, hadithi, kwaya na taarifa ya habari inatosha kabisa. Uzuri wake mkubwa uko nyuma. Unafungua kifuniko kwa kucha, na ndani unakuta betri ya BL-5C, ile ile ya Nokia za vitufe. Betri ikichoka hununui redio nyingine, unanunua betri, na hakuna mtaa wa Dar ambao haiuzwi.

Hapo sasa kwenye betri ndipo macho yafunguke. BL-5C ya Nokia iliandikwa 850, kisha 970, kisha 1,020 mAh. Hicho ni kipimo cha umeme unaoingia humo, sawa na lita kwenye ndoo. Ndoo haikukua. Ukubwa wa betri ni ule ule tangu enzi za Nokia 1100 ya mwaka 2003, kwa hiyo ukiona mwili huo huo umeandikwa 2,800 au 3,500, huyo aliyeandika amekudanganya kabla hujafungua pochi. Mimi nachukua ile iliyoandikwa namba ya kawaida na yenye uzito mkononi. Anayesema uongo kwenye lebo sioni kwa nini awe mkweli kwenye kile kinga kidogo kilicho ndani, ambacho kazi yake ni kukata umeme betri ikijaa au ikipata shoti.

Na usidhani ubovu ni wa bandia peke yake. Agosti 2007 Nokia wenyewe waliwaonya wateja kuhusu BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, kwa sababu zilikuwa zinaweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa. Matukio yaliyokuwa yameripotiwa yalikuwa kama 100 dunia nzima, na waliobadilishiwa betri hawakutozwa. Matsushita ndiyo kampuni ya hizo National tulizokuwa tukizianika juani. Kama kampuni ya namna hiyo iliteleza, ile betri isiyo na jina la mtengenezaji uitazame kwa jicho la pili.

Kitu cha tatu ni kitochi, simu ya vitufe, bila laini. Wazazi wengi hawaifikirii kama kifaa cha muziki, lakini nyingi zinapokea memori kadi, zina FM, zina tundu la hedifoni, na chaji yake inakaa siku kadhaa mtoto akisikiliza kwa kiasi. Kubwa zaidi ni kwamba inakuja ndani ya boksi na chaja yake, kichwa na waya vikiwa vimetengenezwa kwa ajili yake. Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea anayekaa nyumbani, sina kipingamizi. Kwa bweni hapana, kwa sababu shule nyingi hazitaki simu ya aina yoyote na matroni hatauliza kama ina laini. Na ukinunua, bonyeza *#06# hapo hapo dukani ulinganishe namba zitakazotokea na zile za kwenye boksi. Tangu TCRA wazime simu bandia Juni 16, 2016, huo ni ukaguzi wa bure ambao muuzaji mwaminifu hauogopi.

Spika ya Bluetooth nitaipita haraka. Ni kitu cha sebuleni, si cha mtoto. Inataka simu pembeni yake, na simu ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia, isipokuwa uchague inayopokea flashi. Nyingi ndani zina betri ya duara nene kidogo kuliko ya rimoti, inayoitwa 18650. Iliyo bora ya ukubwa huo kwa kawaida inaingiza kama 3,500 mAh. Fundi akikuuzia ya kubadilisha iliyoandikwa 9,900, mrudishie na tabasamu. Na kwa wenzangu wa vyumba vya kupanga vinavyopakana ukuta kwa ukuta, singeli ya saa nne usiku haihitaji maelezo yangu.

Wengine wataniuliza kuhusu simu janja ya zamani ya mama, iliyopasuka kioo, iliyotolewa laini. Mtoto wa miaka tisa ataipata hotspot ya jirani kabla hujamaliza kuosha vyombo. Tuendelee.

Sasa chaja, ambayo ndiyo safari yenyewe. Ina sehemu mbili, kichwa na waya, na zinauzwa kando kando. Kichwa ndicho chenye kazi nzito: kinapokea volti 230 za TANESCO na kutoa 5. Ndani yake kuna upande wenye umeme wa kuua na upande wa umeme wa kuchezea, na kati yao pawe na nafasi na kizuizi. Anayetaka kubana gharama anabana hapo, na kwa nje hutaona tofauti. Mwaka 2016 shirika la UL la Marekani lilipima chaja 400 za bandia zilizobeba jina la Apple. Zilizofaulu zilikuwa tatu. Kumi na mbili kati ya zilizofeli zilikuwa mbaya kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme. Hazikupimwa Kariakoo, lakini bidhaa za namna hiyo zinasafiri kuliko sisi.

Dukani huna maabara, ila una mikono na pua. Kishike kichwa: kisicho na uzito kabisa, chepesi kama ganda la karanga, kiache. Kitikise, kikilia ndani, kiache. Tazama miguu yake mitatu ya mraba. Ile miwili ya chini inapaswa kuwa na plastiki nyeusi upande wa shina, nusu ya urefu, ili kidole cha mtoto anayechomoa kisiguse chuma chenye umeme. Maandishi yawepo na yasomeke: kinaingiza volti ngapi, kinatoa volti ngapi na ampea ngapi, nani ametengeneza. Kisha mwombe muuzaji achomeke redio yako pale pale kwa dakika kumi huku mkiongea bei ya kadi. Kichwa kuwa vuguvugu ni sawa. Kikiunguza mkono au kutoa harufu ya rangi mbichi, mshukuru uondoke.

Kipo kichwa kingine Kariakoo kote, cha bei ya chini, chenye miguu miwili ya duara. Hicho hakiingii kwenye soketi zetu mpaka uchokonoe tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili milango ya ndani ifunguke. Tumezoea kufanya hivyo tukiwa na haraka, na watoto wanatutazama. Tundu lile limefungwa na mhandisi makusudi ili mtoto asiingize kitu. Tukimwonyesha namna ya kulifungua kwa kalamu, siku moja atalifungua kwa msumari. Hicho kichwa sikinunui hata nikipewa bure, na adapta ya kukibadilisha miguu nayo huwa inalegea na kupiga cheche.

Kuna imani moja inayowapotezea watu pesa, kwamba chaja kubwa ya simu inaua kifaa kidogo. Kifaa huvuta kinachohitaji. Kichwa kizuri cha ampea mbili, kikitoa volti 5, kitachaji redio inayovuta nusu ampea bila kuiumiza, kama vile tenki kubwa lisivyopasua bomba dogo lenye koki yake. Kwa hiyo kichwa kilichokuja na simu yako nzuri ni bora kuliko cha shilingi elfu mbili "maalumu kwa redio". Na kama nyumbani kuna televisheni au king'amuzi chenye tundu la USB, hilo nalo linachaji vitu hivi vidogo vizuri tu, taratibu, bila kichwa chochote.

Ila hapa kuna mtego wa siku hizi. Umenunua redio yenye tundu la taipu C, umefurahi kwamba waya ni mmoja nyumba nzima. Unaichomeka kwenye chaja mpya ya kasi, ile ambayo waya wake una taipu C pande zote mbili, na redio haiwaki taa. Unairudisha Kariakoo, muuzaji anaichomeka, inachaji, mnaishia kuonana wabaya. Hakuna mwongo kati yenu. Watengenezaji wa vifaa rahisi huacha vijipande viwili vidogo kwenye tundu, ambavyo kazi yake ni kuiambia chaja ya kasi "nipo, nipe umeme". Chaja isiposikia hivyo haitoi kitu. Dawa ni waya wa kawaida, wenye USB pana upande wa kichwa na taipu C upande wa redio. Andika hilo mahali, litakuokolea nauli.

Pawabenki nayo ina kituko chake. Nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, zikidhani kimejaa. Ki-MP3 kikichomekwa kinachaji dakika moja kisha taa inazima, na mtoto analalamika kimeharibika. Tena ile 10,000 iliyoandikwa haifiki yote kwenye kifaa. Karibu theluthi moja inapotea njiani hata kwenye pawabenki ya kweli. Kwa redio ya mtoto sioni sababu ya kuinunua. Betri ya BL-5C ya akiba, iliyojaa, iliyofungwa kwenye kimfuko chake ili vituo vyake visigusane na funguo wala sarafu, inafanya kazi hiyo hiyo kwa pesa ndogo.

Kwenye memori kadi sitakaa sana. Muziki wa kawaida wa MP3 unakula kama MB moja kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 4 inabeba nyimbo karibu 1,000, kisomo cha msahafu mzima kikiingia bila shida kwenye GB chache zaidi. Hakuna haja ya GB 64, na redio nyingi ndogo hazisomi zaidi ya 32 bila kadi kuandaliwa upya. Kadi kubwa ya bei ya kushangaza huwa ni ndogo iliyobadilishwa lebo: inakubali kila unachoweka, kisha nyimbo za mwanzo zinapotea.

Nyumbani, kanuni yangu ni moja na inatosha: kifaa cha mtoto hakichajiwi chumba cha kulala. Betri ya 1,000 mAh kwa kawaida inajaa kwa saa mbili au tatu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha usiku kucha. Akitoka shule anaichomeka sebuleni, juu ya sakafu ya vigae au sahani ya bati, mbali na pazia, na kabla ya chakula cha usiku anaichomoa. Betri za siku hizi zikishika moto haziungui taratibu kama mkaa, zinalipuka kwa ghafla, na godoro la sponji ndilo kuni bora kuliko zote. Wanaosita kwa ajili ya LUKU wasiwe na hofu: uniti moja inachaji betri ya ukubwa huo zaidi ya mara 150. Namba ya Zimamoto ni 114, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuikariri pamoja na sura zake.

Masikio nayo. Februari 2019 Shirika la Afya Duniani na lile la mawasiliano, ITU, walitoa kiwango cha vifaa vya kusikilizia: kwa watu wazima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa watoto 75 kwa saa hizo hizo. Kila ukipandisha desibeli tatu, muda unakatika nusu. Redio ya Kariakoo haina mtu ndani wa kuhesabu hayo, kwa hiyo mhesabuji ni wewe. Kaa mbele ya mtoto, urefu wa mkono, mwite kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, punguza. Ndiyo maana kwa watoto wadogo nachagua spika ya redio yenyewe kuliko hedifoni za kuchomeka sikioni. Ukipita unasikia anachosikiliza, na yeye anakusikia ukimwita. Anayetembea kwenda shule akivuka Msimbazi au Uhuru, hedifoni zibaki nyumbani. Bajaji na bodaboda hazina subira na aliyeziba masikio.

Jambo la mwisho ni dogo kwa umbo, na ndilo linalonitisha kuliko moto. Baadhi ya redio na spika hizi huja na rimoti nyembamba, bapa kama kadi, na ndani yake kuna betri ya duara kama sarafu. Mtoto wa miaka miwili akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani ndani ya saa mbili tu, hata kama hakohoi wala halii. Usimtapishe. Usisubiri itoke yenyewe. Mkimbize hospitali yenye eksirei na useme mlangoni neno "betri", ukienda na rimoti yenyewe mkononi ili daktari aone ukubwa. Kama nyumbani kuna mdogo wake, mwachie muuzaji rimoti hiyo dukani. Redio ina vitufe.

Kwa hiyo mama wa Ilala, chukua redio ya memori kadi yenye BL-5C, tundu la maikro au taipu C, bila rimoti, na uchaji kwa kichwa cha simu yako. Baba wa Magomeni, kama binti yako ni wa kutwa, mpe kitochi bila laini na chaja yake ya boksi, pamoja na hedifoni za kufunika sikio. Kama ni wa bweni, ongea na shule kwanza, na wakikubali redio, mpe betri mbili zilizojaa, aende bila chaja. Na wewe uliyesema unapita Kariakoo ukitoka kazini, usipite jioni. Saa hizo huenda hakuna atakayekuchomekea redio dakika kumi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, ukiwa na waya wako na kadi yako yenye wimbo mmoja unaoujua vizuri.

Ukibadilisha betri, ile ya zamani iliyovimba usiitoboe, usiitupe kwenye takataka mnazochoma uani, wala usimpe mtoto achezee. Ziba vituo vyake kwa gundi ya karatasi, iweke kwenye kopo nje ya nyumba, na siku ukienda kwa fundi muulize kama anazipokea. Baadhi yao wanazipokea.